UYOGA NA SUMU YA MADINI: UNASAIDIA NINI, HAUSAIDII NINI



Katika mikutano yetu, Magarama hapa Gitega na kule Muyinga, swali moja limerudi mara nyingi: je, ni kweli kwamba uyoga unaweza kusafisha udongo na maji yaliyoingiwa na sumu ya viwanda na migodi? Wengine wamelisikia redioni, wengine wameambiwa na watoto wao wanaosoma. Wako wanaofurahi wakisema dawa imepatikana, tena ya bei rahisi. Wako wanaocheka wakisema uyoga ni wa mchuzi tu.

Tumeona afadhali tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu lina faida ndani yake na lina mtego pia. Jibu letu kwa kifupi ni hili: uyoga unaweza kuishika sumu ya madini, lakini hauwezi kuimaliza. Mfanyakazi anayejua tofauti ya maneno hayo mawili, kushika na kumaliza, hatadanganywa kwa urahisi.

MADINI MAZITO NI NINI

Tunaposema madini mazito tunataja risasi, zebaki, kadimiamu, shaba, zinki na ndugu zao. Wengi wetu tunakutana nayo kila siku bila kuyaita kwa majina. Risasi imo ndani ya betri za magari, na imo katika rangi za zamani. Zinki ndiyo inayopakwa juu ya mabati yasipate kutu. Zebaki ndiyo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Afrika Mashariki wanayoitumia kukamata chembe za dhahabu, kisha wanaichoma na mvuke wake wanauvuta. Shaba imo katika dawa za kupulizia kahawa.

Shaba na zinki kidogo mwili unazihitaji. Zikizidi huwa sumu. Lakini risasi, zebaki na kadimiamu mwili hauna kazi nazo hata chembe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi humpunguzia mtu mzima damu, humpa maumivu ya tumbo na ya viungo, huharibu figo na kupandisha presha. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, maana inaharibu ubongo unaokua. Tena mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake huinyonya mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima.

Na sumu hii hairuki hewani tu. Inatembea. Inatoka kiwandani katika nguo za kazi, katika viatu na nywele, inaingia nyumbani, inakaa kitandani. Baba anambeba mtoto wake jioni, na mtoto anapokea vumbi ambalo hakulifanyia kazi wala hakulipwa kwalo.

Sasa shikeni neno moja ambalo ndilo msingi wa mambo yote. Mafuta yakimwagika chini, vijidudu vya udongo huyala polepole, yakavunjika, yakaisha. Ganda la ndizi huoza. Mzoga huoza. Lakini risasi haiozi. Risasi iliyomwagika leo, mjukuu wako ataikuta risasi. Unaweza kuihamisha, unaweza kuifunika, unaweza kuifunga isitembee. Kuifanya isiwepo tena, hakuna awezaye: si moto, si maji, si uyoga.

UYOGA NI MTU WA NAMNA GANI

Katika Kirundi uyoga huitwa ubwoba, na neno hilohilo maana yake pia ni woga. Wazee wetu walijua kwamba kitu hiki chafaa kuliwa, na chafaa kuogopwa. Mtaalamu mmoja, Bart Buyck, aliandika kitabu kizima mwaka 1994 juu ya uyoga unaoliwa magharibi ya Burundi, na jina alilokipa ni hilo, Ubwoba.

Kile tunachokiona juu ya ardhi na kukichuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe umo chini: nyuzi nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa ndani ya udongo na miti iliyooza. Viumbe vya ukoo huu wote twaviita kuvu. Ukungu wa mkate ni kuvu. Chachu inayochachusha pombe ni kuvu pia, ingawa haina nyuzi. Kwa hiyo ndugu zetu wa kiwanda cha bia cha Gitega, na mama anayetengeneza urwagwa nyumbani, wote ni watu waliofanya kazi na kuvu maisha yao yote.

Kuvu haina mdomo wala tumbo. Inatoa maji makali kuyeyusha kilicho jirani yake, kisha inanyonya. Katika kunyonya huko, inakutana na madini. Hapo ndipo kazi tunayoizungumzia inapoanza, nayo ni ya namna tatu.

KAZI YA KWANZA: KUSHIKA KAMA SPONJI

Ngozi ya kuvu ina sehemu nyingi ambazo chembe za madini hupenda kujibandika. Maji yenye risasi au kadimiamu yakipitishwa katikati ya chachu au ukungu uliokaushwa, madini hubaki na maji hutoka yakiwa safi zaidi. Ajabu ni kwamba hata kuvu iliyokufa hufanya kazi hiyo, kwa sababu kinachoshika ni ngozi yake, si uhai wake. Ndiyo sababu watafiti wa nchi nyingi wamejaribu masalio ya chachu kutoka viwanda vya bia, ambayo kwa kawaida hutupwa au hupewa mifugo.

Hii ni habari njema kwa maji machafu ya kiwanda, kabla hayajafika mtoni. Lakini tazameni vizuri: maji yamesafika, na chachu imekuwa sumu. Sasa chachu ile haifai ng'ombe wala nguruwe, wala haifai kutupwa shambani. Sumu imehama kutoka ndoo moja kwenda nyingine.

KAZI YA PILI: KUIFUNGA IWE JIWE

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, nchini Scotland, walieleza jinsi aina fulani za kuvu zinavyoweza kuigeuza risasi kuwa jiwe gumu liitwalo piromofaiti. Jiwe hilo haliyeyuki kwa urahisi katika maji. Risasi iliyokuwa ikielea na kuingia mwilini inafungwa, kama mwizi aliyetiwa pingu.

Kwa udongo wa mahali palipopigwa risasi nyingi, au palipoyeyushwa betri, jambo hili lina matumaini. Lakini mwizi aliyetiwa pingu yungali ndani ya nyumba. Na kuvu nyingine hufanya kinyume: maji yao makali huyeyusha madini yaliyokuwa yametulia, yakaanza kutembea. Kwa hiyo si kila uyoga unafaa kila mahali. Anayetaka kumwaga kuvu juu ya udongo wenye sumu bila kupima kwanza, anacheza kamari na kisima cha watu.

KAZI YA TATU: KUILINDA MITI

Miti mingi haili peke yake. Mizizi yake imevikwa nyuzi za kuvu: kuvu inaletea mti maji na chumvi za udongo, mti unaipa kuvu sukari. Ni ushirika, kama sisi na chama chetu. Misonobari mnayoiona kwenye vilima vyetu inaishi hivyo, na miti ya miombo ya upande wa Rumonge pia.

Huko Ubelgiji kuna mahali paitwapo Lommel, ambapo viwanda vya zinki viliacha udongo umejaa madini. Wataalamu wa nchi hiyo waliona kwamba kuvu iliyoishi katika udongo huo kwa miaka mingi ilikuwa imeizoea zinki. Mwaka 2004 walitangaza matokeo ya jaribio lao: misonobari michanga iliyopewa kuvu iliyozoea zinki ilistahimili, na ile iliyopewa kuvu ya mahali pengine iliteseka. Maana yake ni kwamba ukitaka kupanda miti mahali palipoharibika, mfuate kwanza mkazi wa hapo, yule kuvu aliyevumilia.

Mti ukishaota, mvua haiutoi udongo tena, upepo haulibebi vumbi tena. Sumu inakaa chini ya kivuli. Haijaisha, lakini imeacha kutembea.

LUBUMBASHI: KILIMA KILICHOKUFA

Mambo haya si ya Ulaya tu. Kati ya mwaka 1925 na 1930 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichukua maelfu ya vijana kutoka Ruanda-Urundi kwenda kufanya kazi Katanga. Katika familia zetu wako watu ambao babu zao hawakurudi. Mji mmoja waliopelekwa uliitwa Élisabethville. Leo unaitwa Lubumbashi.

Tanuri la shaba la mji ule lilianza kazi mwaka 1911. Bomba lake refu na mlima wake mweusi wa takataka ni alama za mji mpaka leo. Kwa miaka mingi upepo uliupeleka moshi upande wa kaskazini-magharibi, ukashuka juu ya ardhi ya jirani, karibu na mtaa wa Penga Penga. Moshi wa kiberiti uliua miti. Vumbi la shaba, zinki, risasi na kadimiamu likaingia udongoni na kuizuia miti isirudi. Uzalishaji ulipoanguka katika miaka ya 1990, moshi ulipungua, lakini ardhi haikupona.

Walimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu kuifunika ardhi hiyo. Walichagua nyasi tatu za kienyeji zilizozoea shaba, wakatia mbolea ya mimea na chokaa, wakatangaza matokeo mwaka 2010. Baadhi ya nyasi ziliota mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ni njia ileile tuliyoieleza: kufunika, kutuliza, kuzuia vumbi. Nayo ni kazi ya miaka mingi, mikono mingi na fedha nyingi, kwa uharibifu uliofanywa na tanuri moja.

OWINO UHURU: NANI ALIPE?

Habari ya pili inatoka pwani ya Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Moshi na maji yake viliingia majumbani, na wakazi waliteseka kwa risasi, hasa watoto. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi. Aliacha kazi, akaanza kupigana pamoja na wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Bibi Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia wakazi haki yao ya fidia ile.

Hesabuni wenyewe. Kiwanda kilifanya kazi miaka saba. Tangu kilipofungwa mpaka neno la mwisho la mahakama ilipita miaka kumi. Kuchafua ni kwa siku moja. Kusafisha na kulipa ni kwa kizazi kizima. Hata uyoga wote wa Burundi ungepelekwa Owino Uhuru, usingemrudishia mtoto ubongo ulioharibika. Kilichowafaa zaidi watu wale ni kuzima tanuri, na waliolizima ni watu waliosimama pamoja.

NENO KWA NDUGU WA MASHAMBA

Wenzetu wa mashamba msiseme haya ni ya viwanda. Dawa za shaba, kama mrututu, zimepuliziwa kahawa kwa miaka mingi kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Magonjwa hayo yote mawili ni kuvu, na shaba inafaa kwa sababu inaua kuvu. Lakini shaba haiozi. Katika mashamba makuukuu ya kahawa ya Kenya na ya Kilimanjaro, watafiti wamekuta udongo wenye shaba nyingi kuliko ardhi ya jirani isiyopuliziwa. Kila msimu uliongeza kidogo, na hakuna kilichoondoka. Shaba hiyo haichagui: inaua kuvu mbaya ya jani, na inaisumbua kuvu njema ya mzizi pamoja na minyoo ya udongo. Kwa hiyo anayepulizia apulizie kwa kipimo, avae nguo na vifaa, na asioshe bomba lake mtoni.

USILE UYOGA ULIOFANYA KAZI

Hili ni neno la hatari, lisomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Uyoga unaoota mahali penye sumu unaweza kukusanya madini ndani yake kuliko yale yaliyomo katika mimea ya jirani. Katika mji wa Příbram, nchi ya Cheki, karibu na tanuri la risasi, uyoga wa porini ulipimwa ukakutwa na risasi na kadimiamu kwa wingi sana. Kuuchemsha hakuondoi sumu yote, na kuukausha hakuondoi kitu. Kwa macho uyoga huo ni mzuri, na kwa ulimi ni mtamu.

Kwa hiyo tusichume uyoga karibu na tanuri, karibu na jalala la kiwanda, mahali betri zinapovunjwa, kwenye mashimo ya migodi, wala kandokando ya barabara kubwa. Tuwaambie na watoto.

TUMUULIZE PATRONI MASWALI MATANO

Siku moja anaweza kuja patroni, au mtaalamu wake, akasema: "Msiwe na wasiwasi, tutapanda uyoga." Tusimcheke na tusimpigie makofi. Tumuulize.

1. Mahali sumu inapotoka pamezibwa? Huwezi kupangusa sakafu na bomba limefunguliwa. Kusafisha kunakuja baada ya kuzima chanzo.

2. Nani amepima? Udongo, maji na damu ya wafanyakazi vipimwe kabla na baada, na matokeo yabandikwe ukutani kwa lugha tunayoisoma.

3. Uyoga au chachu iliyoshika sumu itapelekwa wapi? Isipelekwe shambani, isipewe mifugo, isichomwe ovyo, kwa maana zebaki itarudi kama mvuke na risasi itarudi kama majivu.

4. Nani atafanya kazi hiyo ya kusafisha, na kwa vifaa gani? Kusafisha sumu nako ni kazi ya hatari. Isiwe kazi ya vibarua wasio na glovu.

5. Nani atalipa, na kwa miaka mingapi? Aliyechafua ndiye mwenye deni.

Maswali haya si ukaidi. Tangu mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na mwaka 2022 Shirika hilo liliihesabu kazi salama na yenye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, haki ambayo kila nchi mwanachama inatakiwa kuiheshimu.

YANAYOWEZEKANA LEO

Tukingoja wakubwa wajibu, kuna mambo yaliyo mikononi mwetu. Nguo za kazi zibaki kazini. Zikija nyumbani zifuliwe peke yake. Tunawe mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Tusile wala kuvuta sigara mahali pa kazi yenye vumbi. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu. Betri isivunjwe uani, na risasi isiyeyushwe katika sufuria ya nyumbani, hata kwa franga ngapi. Na mwenzetu mwenye tumbo la kuuma lisiloisha au mwili usio na nguvu, amwambie mganga wa hospitali anafanya kazi gani. Mganga asipoambiwa, atatibu minyoo.

Uyoga ni mfanyakazi mwema, mvumilivu, asiyepiga kelele. Lakini yeye hawezi kuuliza swali, hawezi kudai glovu, hawezi kumwambia patroni azime tanuri. Kazi hiyo ni yetu, na sendika iko kwa ajili yake. Mwenye jambo lililotokea mahali pake pa kazi alilete kwenye mkutano, Magarama au Muyinga. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.